Kutoka Chekechea Hadi Ujira wa Kulisha Nyumba

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kitengela



Halmashauri imeniagiza niseme machache juu ya mfuko wetu wa karo. Jambo hili hutajwa kila mwaka katika taarifa ya Mweka Hazina, na kila mwaka hupitishwa upesi, kwa kuwa huangukia mwisho wa orodha ya shughuli, wakati harufu ya nyama inapokwisha kuingia ukumbini. Safari hii Bwana Mwenyekiti amekubali lisogezwe mbele, nami namshukuru. Maana leo, pamoja na kusikiliza hesabu, tutapiga kura. Na kura hiyo itaamua ni watoto gani watakaosaidiwa na chama hiki, na ni watoto gani watakaoambiwa wangoje.

Desturi yetu yajulikana. Mtoto akiitwa katika shule ya sekondari ya bweni, mzazi wake huleta barua ya mwito, halmashauri huitazama, na fedha hutolewa. Desturi hii ni njema na imezaa matunda. Baadhi ya matunda hayo yameketi humu ndani na yamevaa tai. Lakini mfuko wetu humkuta mtoto akiwa amekwisha kutembea nusu ya safari, tena humwacha kabla hajafika. Aliyeanguka kabla ya sekondari hatumjui hata jina. Na yule aliyemaliza sekondari akarudi nyumbani asiwe na la kufanya, huyo twamjua sana, kwa kuwa twapishana naye kila siku penye kituo cha bodaboda.

Hoja iliyo mbele yenu yasema mfuko ugawanywe sehemu tatu: sehemu moja iwe ya watoto wa chekechea, moja ibaki kwa sekondari kama zamani, na moja iende kwa vijana wanaojifunza ufundi. Katika kikao cha halmashauri mzee mmoja, ambaye namheshimu kama baba yangu mzazi, alisema kwamba kufanya hivyo ni kumnyang'anya maziwa ndama mwenye nguvu na kumpa aliyekonda, na kwamba wakati wa kiangazi hakuna mfugaji mwenye akili atendaye jambo kama hilo. Neno lile ni zito na lina ukweli wake. Nitajaribu kulijibu, ila njia ya kulijibu ni ndefu kidogo, nanyi mnivumilie.

Kwanza tuitazame nchi tunayokaa. Wazee mwajua kuliko mimi kwamba jina la Kajiado latokana na mto, Olkejuado, yaani mto mrefu, na kwamba ardhi hii ilikuwa ya malisho pande zote. Sheria ya 1968 iliweka ranchi za jamii. Baadaye, kuanzia miaka ya 1980, ranchi nyingi ziligawanywa, kila mtu akapata hati yake, na wenye hati wakaanza kuuza. Viwanda vikakua Athi River, na watu wakaja kutoka kila upande wa Kenya kutafuta kazi na ploti. Hesabu ya watu ya 2009 iliwakuta watu 58,167 katika mji huu wa Kitengela. Hesabu ya 2019 iliwakuta 154,436. Katika miaka kumi tu mji umekuwa karibu mara tatu. Na katika mkutano huu wa leo nasikia Kimaasai, Kikuyu, Kikamba, Kiluhya na Kijaluo, na wote wamelipa ada ya uanachama, jambo ambalo lamfurahisha Mweka Hazina.

Maana ya mabadiliko hayo kwa mtoto ni nini? Zamani kijana asiyesoma alikuwa na mahali pa kwenda. Alikuwa na mifugo ya baba yake, na malisho, na rika lake. Leo mtoto wa mwenyeji ambaye baba yake ameuza ekari zote, na mtoto wa mgeni ambaye baba yake hakuwa nazo tangu mwanzo, wote wawili wanasimama mahali pamoja. Hawana cha kurudia. Ujira ndio ng'ombe wao na ndio shamba lao.

Na ujira huo ni wa kiasi gani? Hapa naomba ruhusa niwarudishe nyuma. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter ilitoa taarifa juu ya mishahara ya Waafrika katika Kenya. Kabla ya hapo mshahara wa mtu wa kazi mjini ulikadiriwa kana kwamba yeye ni mseja: apate chakula chake, mahali pa kulala, na nguo za kujisitiri, mkewe na watoto wakidhaniwa kwamba wanakula shambani kwao. Kamati ile ilishauri kwamba ujira ukadiriwe kwa mtu mwenye mke na watoto. Wazee wetu walilipokea shauri hilo kwa furaha, na haikosi ni kwa sababu hiyo wengi wa baba zenu walithubutu kuwaleta wake zao mjini.

Sasa tuangalie amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024. Kwa kibarua wa kawaida asiye na ujuzi, katika majiji kama Nairobi, kima cha chini kiliwekwa kuwa shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Katika zile zilizokuwa manispaa, pamoja na miji ya Mavoko, Ruiru na Limuru, kiliwekwa kuwa shilingi 14,866 na senti 92. Na katika sehemu nyingine zote, shilingi 8,596 na senti 49. Kitengela yetu, katika mpango wa zamani uliokwisha 2013, ilikuwa chini ya Baraza la Kaunti ya Olkejuado, haikuwa manispaa. Basi imeachwa katika hizo sehemu nyingine zote. Athi River imo katika Mavoko. Kwa hiyo anayefagia ghala upande ule, na anayefagia ghala upande wetu, wametenganishwa na mpaka wa kaunti usioonekana kwa macho, na kima chao kimetofautiana kwa shilingi 6,270 na senti 43 kila mwezi. Mwenye nyumba wa Kitengela hamwulizi mpangaji kazi yake iko upande gani wa mpaka. Mwenye duka la unga naye haulizi.

Kwa maoni yangu kiwango hicho cha chini kabisa bado kinamdhania mtu kuwa na ng'ombe nyumbani. Ni ule ujira wa mseja wa kabla ya 1954, umerudi kwa mlango wa nyuma. Kulibadili jambo hili ni kazi ya Serikali na vyama vya wafanyakazi, na halmashauri imekwisha kuandika barua. Lakini iko sehemu moja ya amri hiyo ambayo sisi wenyewe twaweza kuitumia kesho asubuhi, nayo watu wachache huisoma.

Amri ile haimtaji kibarua peke yake. Yamtaja fundi asiye na daraja, kisha fundi wa daraja la tatu, wa pili, na wa kwanza, na kila ngazi ina kima chake. Kima cha fundi wa daraja la kwanza ni zaidi ya mara mbili ya kile cha kibarua. Na daraja hizo hupatikana kwa jaribio la ufundi, ambalo siku hizi husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani. Mamlaka hiyo ina kituo chake Athi River, mwendo mfupi wa matatu kutoka hapa tulipoketi.

Mimi kazi yangu ni ukarani katika ghala moja ambalo sitalitaja jina. Asubuhi, kabla ya saa moja, huandika majina ya vijana wanaosimama langoni. Wengi wao wamemaliza kidato cha nne. Hunyoosha cheti chao cha mtihani kikiwa ndani ya karatasi ya plastiki, kisafi, hakina hata alama ya kidole, nami hukiangalia kwa adabu kisha naandika neno lile lile: kibarua. Siku moja alikuja kijana ambaye hakupata kufika sekondari. Alijifunza kuchomelea vyuma kwa fundi wa jua kali karibu na soko, miaka minne, akifanya mageti na madirisha. Alikuwa na hati ya jaribio, daraja la tatu. Msimamizi aliiona ile hati akamwita ndani, na jina lake likaandikwa katika daftari jingine. Wenzake wa kidato cha nne walimtazama akipita. Jambo lililonisumbua ni kwamba fundi aliyemfundisha alikuwa na vijana wengine watano wa namna hiyo, wote wana mikono mizuri, na hakuna hata mmoja wao aliyefanya jaribio, kwa kuwa ada ya jaribio ni fedha za kula za wiki kadhaa.

Hapohapo niongeze neno kwa vijana waliomo humu, kwa maana sheria hii hufichwa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua wa siku akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haiwezi kumalizika kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, mwenye haki zake. Kuna waajiri wanaojua sana kuhesabu siku, wakamfukuza mtu kabla ya mwezi kutimia na kumwita tena baada ya siku tatu. Andikeni siku zenu katika daftari.

Sasa narudi mwanzo wa safari, kwenye chekechea, na hapa nataka kukaa kidogo.

Katiba ya 2010, katika Ratiba ya Nne, iligawanya kazi kati ya Serikali ya Taifa na serikali za kaunti. Shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu viliwekwa mikononi mwa Taifa. Kaunti zilipewa elimu ya chekechea, na vyuo vya ufundi vya vijijini, na vituo vya kulea watoto. Tazameni jinsi ilivyo: ncha mbili za safari, ya mwanzo na ya mwisho, zimetiwa katika kapu moja, na kapu hilo ni la kaunti, ambayo pia yatakiwa itengeneze barabara, ijenge zahanati na kuchimba visima. Katikati ya safari ndipo Serikali ya Taifa ilipo. Huko katikati imeweka shilingi 1,420 kwa mwaka kwa mtoto wa shule ya msingi, shilingi 15,042 kwa mtoto wa sekondari ya chini, na shilingi 22,244 kwa yule wa sekondari ya kutwa. Fedha hizo huchelewa, wakuu wa shule hulalamika, hayo yote ni kweli. Lakini zipo katika hesabu. Nasi chama chetu, kwa mapenzi mema kabisa, tumechukua mfuko wetu mdogo tukaumimina papo hapo katikati, mahali ambapo mwingine amekwisha kumimina, na ncha mbili tumeziacha kavu.

Mtoto wa miaka minne wa ndani ya Kajiado, tuseme pande za Mashuuru au Loodokilani, shule yake ya chekechea huenda ikawa chini ya mgunga. Hutembea akiwa na njaa, na mvua ikinyesha mto humzuia, na asubuhi nyingine fisi hajarudi kwake. Akifika hukuta mwalimu mmoja na watoto wa kila umri. Naye mtoto wa Kitengela hana fisi. Ana chumba kimoja cha mabati. Mama huondoka kabla ya alfajiri kwenda kiwandani kushona nguo zitakazovaliwa Marekani, na mtoto huachwa kwa jirani anayelea watoto ishirini, ambao hukaa sakafuni mchana kutwa wakiangalia televisheni. Mmoja ana nafasi kubwa asiwe na shule, mwingine amezungukwa na shule asiwe na nafasi. Wote wawili hufika darasa la kwanza wakiwa hawajapata kushika kalamu, hawajasimuliwa hadithi ya kitabuni, na mara nyingi wamedumaa kwa lishe duni. Mwalimu wa darasa la kwanza mwenye watoto sitini hawezi kuwarudia. Kuanzia hapo mtoto hubebwa kutoka darasa hadi darasa, kama mzigo usiofunguliwa, mpaka siku ya mtihani unapofunguliwa na kuonekana kwamba hamna kitu ndani. Sisi husema amefeli akiwa na miaka kumi na mitano. Alifeli akiwa na mitano.

Wengi wenu mwakumbuka maziwa ya Nyayo yaliyoanza 1979. Nimewasikia wazee wakiyacheka, ladha yake na pakiti zake za pembe tatu, lakini kila anayeyacheka hukiri kwamba siku ya maziwa hakuna mtoto aliyekosa shule. Uji hufanya kazi hiyo hiyo. Uji wa saa nne, wenye unga, sukari kidogo na maziwa, wamfanya mtoto aje, na akija akae, na akikaa asikie. Gharama yake kwa watoto thelathini kwa muhula mzima yalingana na sehemu ndogo tu ya karo ya mwanafunzi mmoja wa bweni. Halmashauri imefanya hesabu hiyo kwa bei za dukani, na karatasi iko kwa Katibu kwa atakaye kuikagua.

Juu ya lugha nitapita upesi. Mwongozo wa Serikali wasema watoto wadogo wafundishwe kwa lugha ya mahali walipo. Huko ndani lugha hiyo ni Kimaa. Hapa mjini ni Kiswahili. Wazazi wengi hudhani mtoto anayeimba Kiingereza akiwa na miaka mitatu amekwisha kuelimika, na wenye shule za kulipia wanajua kwamba wazazi hudhani hivyo.

Nisiwasahau wasichana. Shule ya wasichana ya AIC hapo Kajiado ilianzishwa 1959, na katika siku za Bi Priscilla Nangurai, aliyekuwa mwalimu mkuu wake, ilijulikana kote kwa kuwapokea wasichana waliokimbia kuozwa wakiwa wadogo. Tangu wakati huo sheria zimetungwa: sheria ya 2011 imekataza ukeketaji, na sheria ya ndoa ya 2014 imekataza kumwoza aliye chini ya miaka 18. Sheria ni jambo kubwa. Lakini sitaficha nilivyoona: msichana hutolewa shuleni zaidi katika mwaka wa ukame, wakati ng'ombe wa mahari anaposimama badala ya ng'ombe waliokufa. Katika kiangazi cha 2020 hadi 2023 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, mizoga ikajaa kando ya barabara ya Namanga, na karo iliyokuwa ikitembea kwa miguu minne ikalala chini. Naye msichana aliyezaa akiwa mwanafunzi ana ruhusa ya kurudi darasani tangu mwongozo wa 1994. Ni wachache wanaoambiwa hivyo, na walio wachache zaidi ni wale wenye mtu wa kuwashikia mtoto. Kituo cha kulea mtoto kilichoandikwa katika Katiba chamhusu huyu pia.

Sasa nafika kwa ndama wa mzee wangu.

Ndama mwenye nguvu huonekana kwa macho. Utamjua kwa mgongo wake. Mtoto mwenye nguvu hajulikani hivyo, na ushahidi ni wa hapa hapa kwetu, ukingoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Yuko kijana wa Kimaasai anayeitwa Richard Turere, ambaye alipokuwa mdogo alikuwa akilinda ng'ombe wa baba yake, na simba walikuwa wakitoka mbugani usiku kuwaua. Kijana huyu alikuwa na tabia ya kufungua vitu aone vilivyo ndani. Aliifungua redio mpya ya mama yake, na mama hakufurahi hata kidogo. Aligundua kwamba simba huogopa taa inayotembea. Basi akatwaa betri kuukuu ya gari, kifaa cha pikipiki cha kuwashawasha taa za kupindia, kibao kidogo cha kunasa jua, na balbu za tochi zilizoharibika, akazipanga pande zote za boma ziwe zikiwaka na kuzimika kana kwamba mtu anazunguka na tochi. Simba hawakuja tena katika boma lile. Alikuwa na miaka kama kumi na mmoja. Mwaka 2013 aliitwa Marekani akasimama mbele ya wakubwa wa dunia akaeleza kazi yake kwa maneno machache, naye alikuwa amekwisha kupewa nafasi ya kusoma katika shule kubwa ya Nairobi.

Wazee wangu, kijana yule kabla ya kusikika alikuwa mchungaji tu. Kama angaliletwa mbele ya halmashauri yetu hana barua ya mwito, tungalimwandika katika safu ya waliokonda. Aliokolewa na bahati, yaani mtu alipita, akaona, akasimulia. Sina ubishi na bahati, lakini haiwezi kuandikwa katika makadirio ya mwaka. Yule kijana wa kuchomelea vyuma hakupitiwa na mtu.

Wengine watauliza, je, si mtaala mpya umekwisha kulitengeneza jambo hili? Mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa 2023. Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia Gredi ya 10, likagawanywa katika njia tatu: sayansi na ufundi, masomo ya jamii, na sanaa na michezo. Mpango wenyewe ni mzuri kwenye karatasi. Lakini njia ya sayansi yataka maabara, nayo shule ya kutwa isiyo na maji ya bomba itampa mtoto njia ile iliyonayo, isiwe ile anayoifaa. Tangu 1964, Tume ya Ominde ilipotoa taarifa yake, Serikali imebadili mipango ya elimu zaidi ya mara moja, na kila mara mtoto wa tajiri amevuka daraja jipya kabla halijakauka. Na tusisahau kwamba katika mtihani wa kidato cha nne wa 2024 walikuwapo watahiniwa 962,512, na waliopata alama za kuingilia chuo kikuu ni 246,391, yaani robo. Mfuko wetu umejengwa kwa ajili ya robo ile. Jambo hili si geni: mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa taarifa iliyouliza mtoto afanye nini baada ya shule, na kutokana nayo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Chuo cha Ufundi cha Masai hapo Kajiado kipo, na vile vya kaunti vipo. Tunavyopita mbele yake huvitazama kama mahali pa walioshindwa, kisha bomba likipasuka nyumbani tunatafuta fundi mpaka usiku.

Limebaki jambo la wakati wa kulipa, ambalo naliona kubwa kuliko linavyoonekana. Kuanzia 2000 ulikuwako hapa kwetu mpango wa kuwalipa wenye ardhi wasiweke ua, ili wanyama wa mbugani wapite. Malipo yalikuwa dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka. Fedha si nyingi, na kwa kuwa zilitegemea wafadhili hazikudumu. Lakini waliopanga walikuwa na akili moja: walilipa mara tatu kwa mwaka, kila muhula unapofunguliwa. Mzazi hakulazimika kumpeleka ng'ombe mnadani Januari pamoja na kila mzazi mwingine, na kuuza kwa bei ya kutupa. Mfuko wetu hulipa baada ya mkutano wa robo mwaka, wakati mtoto amekwisha kurudishwa nyumbani mara mbili. Halmashauri yapendekeza kwamba, hata hoja ya kugawanya ikishindwa, tarehe za kulipa zibadilishwe ziwe wiki mbili kabla ya kufungua.

Kwa hiyo, sehemu ya kwanza italipia uji na vifaa katika madarasa mawili ya chekechea, moja la mjini na moja la ndani, kwa mwaka mmoja, kisha tutazame. Sehemu ya pili ni ya sekondari. Waliokwisha kuahidiwa hawataguswa hata mmoja, wataendelea mpaka wamalize. Sehemu ya tatu italipa ada za majaribio ya ufundi, na vyombo vya kazi kwa mkopo, kwa vijana watakaoletwa na mafundi wao wenyewe, wawe wavulana au wasichana, na fundi aweke sahihi. Fomu ziko mezani kwa Katibu.

Mzee wangu ameniambia hapo nje kwamba atauliza maswali mawili. Moja nalijua: ni nani atakayehakikisha kwamba unga uliolipiwa unafika kikombeni? Halmashauri imewaomba akina mama watatu wanaotunza daftari la kikundi cha akiba walishike na daftari hili, na wamekubali, kwa sharti kwamba mwanamume yeyote wa halmashauri asipewe ufunguo wa ghala. Swali lake la pili hakunidokeza. Bwana Mwenyekiti, nakurudishia nafasi ili aulize.